Gego limeacha kuuma baada ya dawa: kwa nini bado naambiwa nitibiwe mzizi?

Mwalimu_Muheza

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaomba ufafanuzi wa mtu anayelijua jambo hili, au aliyekwisha kulipitia, kwa sababu nimebakiwa na siku chache za kuamua.

Gego langu la chini upande wa kulia, la kwanza katika yale makubwa, lilitoboka zamani, nami nikaishi nalo kwa kutafunia upande wa pili. Mwezi uliopita lilianza kushtuka kila ninapokunywa chai ya moto, na mshtuko huo, ambao hapo awali ulikuwa ukipita mara moja, ukawa unakaa dakika kadhaa baada ya kikombe kuwekwa chini. Kisha yakaja maumivu ya usiku. Mchana niliweza kufundisha, lakini nikilaza kichwa tu jino lilidunda pamoja na mapigo ya moyo, hata ikanibidi nilale nimeketi kitini. Nilinunua amoksilini na metronidazoli katika duka la dawa, nikameza kwa siku tano, na siku ya nne maumivu yakakoma kabisa. Sasa hata maji ya barafu siyahisi katika jino hilo. Kilichobaki ni kwamba nikiuma kitu kigumu ninaona kama limeinuka kidogo kuliko wenzake.

Nilikwenda kwa daktari wa meno mjini Tanga nikitarajia kuzibwa tu. Alipiga picha ya eksirei, akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, akasema kiini cha jino kimekufa, na kwamba nichague kati ya kung'oa na kutibiwa mzizi kwa mahudhurio mawili au matatu, kisha jino livishwe kofia, yaani ganda gumu la kulifunika juu. Gharama ya njia hii ya pili inakaribia mara kumi ya ile ya kung'oa. Wagonjwa walikuwa wengi nje, nikaona haya kumchelewesha kwa maswali.

Ninayauliza hapa. Ikiwa maumivu yamekwisha na bakteria wamekufa kwa dawa, matibabu haya yanatibu nini? Ndani ya mzizi hufanywa kitu gani hasa, maana kaka yangu anasema ni kuua neva, nami nimeambiwa neva imekwisha kufa? Na jino lililokufa linawezaje kubaki kinywani? Mama amenishauri ning'oe yaishe, kwa kuwa yeye ameng'oa matano na bado anakula vizuri, ingawa kusema kweli sijamwona akitafuna mahindi ya kuchoma tangu nilipokuwa mdogo.

Tabibu_wa_Kinywa

Mwalimu, pole kwa usiku huo wa kitini. Mimi ni daktari wa meno katika hospitali ya wilaya, na simulizi kama lako ninalisikia karibu kila wiki, tena kwa mpangilio uleule: kwanza chai ya moto, kisha usiku, kisha dawa za dukani, kisha ukimya. Ukimya huo ndio unaowaponza wengi.

Chini ya gamba gumu la enameli kuna tabaka la dentini, na katikati ya dentini kuna uwazi mdogo uliojaa kiini, yaani nyama laini yenye neva na mishipa ya damu inayoingilia kwenye kitundu kilicho katika ncha ya mzizi. Kidole kikiumia huvimba kuelekea nje, lakini kiini cha jino kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hivyo bakteria wa tundu wanapokifikia huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia, na shinikizo linapanda. Ukilala, damu huongezeka kichwani na shinikizo hupanda zaidi. Ndiyo maana kiti kilikufaa kuliko kitanda. Mshtuko wa baridi unaopita mara moja kwa kawaida humaanisha kwamba kiini bado kinaweza kupona endapo jino litazibwa mapema. Ule unaokaa dakika kadhaa, au maumivu yanayoanza yenyewe usiku, mara nyingi ni dalili kwamba nafasi hiyo imekwisha pita.

Hatimaye damu hushindwa kuingia na kiini hufa. Huyahisi maji ya barafu kwa sababu neva ya kuyahisi haipo tena: mwenye nyumba aliyekuwa akipiga yowe amekufa, na mwizi bado yumo ndani. Dawa ulizomeza husafiri katika damu, na ndani ya mzizi uliokufa hakuna damu ya kuzifikisha. Yawezekana zilipunguza maambukizi yaliyokwisha vuka hadi kwenye mfupa, na kwa hiyo ukapata nafuu, lakini yanakotoka hapakuguswa. Mwongozo uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2019 unashauri kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, anapoweza kutibiwa jino lenyewe, kwa kawaida asipewe antibayotiki kwa maumivu ya aina hii. Nafasi yake ni pale uvimbe unapoenea au homa inapoingia. Sisi huku tunazinunua kama njugu, na siku moja tutazihitaji kwa jambo kubwa tukute hazifanyi kazi.

Kivuli ulichoonyeshwa ni mahali ambapo mfupa umepungua kutokana na vita kati ya mwili na bakteria wanaovuja kwenye ncha ya mzizi. Hisia ya kwamba jino limeinuka inatokana na uvimbe katika nyuzi nyembamba zinazolishikilia jino kwenye mfupa. Hizo zote ni habari za nje ya jino. Chanzo kimo ndani, na matibabu ya mzizi ni kukifuata humo humo.

Daktari atakuchoma sindano ya ganzi, kisha, kama anafanya kazi inavyotakiwa, atalitenga jino kwa kitambaa chembamba cha mpira kilichotobolewa, jino pekee likachungulia. Kitambaa hicho huzuia mate, ambayo yamejaa bakteria, yasiingie katika mzizi anaousafisha, na pia hukulinda usimeze kifaa au dawa. Baada ya hapo hutoboa juu ya jino mpaka kwenye kiini na kuitafuta midomo ya mifereji, yaani njia nyembamba zinazopita ndani ya mizizi. Gego kama lako kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na kila mmoja ni mwembamba na umepinda kwa namna yake, ndiyo sababu kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kuziba. Hupimwa urefu wa kila mfereji kwa kifaa cha umeme au kwa picha, halafu huingizwa visindano vyenye makali kama ya tupa, vikianzia vyembamba na kuendelea kwa vinene, huku mfereji ukioshwa mara kwa mara kwa maji ya sodiamu hipokloriti. Usishtuke ukisikia harufu ya kufulia. Ni kemikali ileile iliyomo katika Jik, ila hutayarishwa kwa kiwango kinachofaa na haipaswi kusukumwa kupita ncha ya mzizi. Hiyo ndiyo inayoyeyusha nyama iliyooza na kuua bakteria mahali ambapo chuma hakifiki. Ikiwa kulikuwa na usaha, wengi wetu huacha dawa ya hidroksidi ya kalisi ndani kwa wiki moja au mbili, na hapo ndipo mahudhurio yanapoongezeka.

Mfereji ukiwa safi na mkavu hujazwa gatapecha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na gundi maalumu. Kwa wapenda historia, utomvu huo ndio uliofunika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari katika karne ya 19, ukiwamo waya uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Hata hivyo, ndani ya jino utomvu huo peke yake hauwezi kuyazuia mate kwa muda mrefu, hata ukishindiliwa vizuri, ndiyo maana juu yake huhitajika kizibo imara au kofia.

Kaka yako anatumia maneno ya zamani. Kulikuwa na enzi ambapo dawa zenye aseniki ziliwekwa ndani ya jino ili kuua kiini kabla ya kukitoa. Leo kiini kilicho hai hutolewa chini ya ganzi, na kilichokufa kama chako husafishwa. Tena jino lenyewe halijafa lote: upande wa nje wa mzizi unalishwa na nyuzi na mfupa unaolizunguka, na ndiyo maana hata baada ya matibabu utaendelea kuhisi mgandamizo unapouma.

Sisemi kwamba kung'oa ni kosa. Kama jino limeoza mpaka chini ya ufizi, au mzizi umepasuka, au mfupa hauushiki tena, mimi huling'oa hata mtu awe na fedha kiasi gani. Lakini gego la kwanza ni nguzo ya kutafunia. Likiondoka na pengo likabaki wazi, la nyuma yake huelekea kulala mbele, la juu huweza kushuka taratibu likitafuta mwenzake, na mfupa wa pale hupungua. Mwulize daktari wako swali moja kabla ya mengine yote: sehemu ya jino iliyobaki juu ya ufizi inatosha kushika kofia? Jibu likiwa hapana, mengine niliyoandika hayana kazi kwako.

Baharia_Mstaafu

Dada Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Daktari ameeleza vya ndani. Mimi nitaeleza vya nje, kwa kuwa nilitibiwa gego la juu miaka minne iliyopita na kisa changu kina aibu kidogo.

Maumivu niliyoyaogopa sikuyakuta. Sindano niliihisi, baada ya hapo kilichonichosha ni kukaa kinywa wazi kwa zaidi ya saa moja, hata taya ikawa nzito kuliko jino. Siku tatu za mwanzo sikuweza kulitafunia upande ule, nikanywa dawa ya maumivu niliyoandikiwa, na siku ya nne nikasahau kwamba nilikuwa na jino. Hapo ndipo nilipokosea. Kliniki niliyokwenda ilinijaza ule mzizi, ikaweka kizibo cha muda, ikaniambia nirudi kwa kofia, lakini hakuna aliyenieleza kwa nini, na mimi mfuko ulikuwa umekwisha kukauka. Nikajiambia kwamba kitu kisichouma hakina haraka. Mwezi wa saba nikauma kashata nyumbani kwa shemeji yangu, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Jino lilikuwa limepasuka kutoka juu mpaka kwenye mzizi, na daktari wa pili alilitazama dakika mbili akasema halishoneki. Nikang'oa, baada ya kuwa nimelipa ya kutibu.

Nakushauri basi ufanye hesabu ya kofia pamoja na ya mzizi tangu leo, na ikiwa zote mbili hazifikiki kwa mwaka huu, umwambie daktari waziwazi. Pengine ana njia ya kulifunika jino kwa kizibo kinachokumbatia pembe zake huku ukijikusanya.

Mchunguzi_Huru

Ninaheshimu maelezo ya daktari, lakini haifai kuficha upande wa pili. Kuna madaktari wanaoeleza katika video kwamba jino lililojazwa ni kaburi la bakteria, ambao humwaga sumu katika damu mpaka kwenye moyo na viungo. Hakuna sehemu nyingine ya mwili ambapo kitu kilichokufa huachwa ndani. Mwalimu, sikiliza ushauri wa mama.

Tabibu_wa_Kinywa

Ndugu Mchunguzi, hoja hiyo haijafichwa, na ina historia ndefu kuliko video. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliaminika sana Uingereza na Marekani kwamba magonjwa mengi ya mwili hutokana na maambukizi yaliyojificha katika meno. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, alichukua meno yaliyong'olewa kwa wagonjwa, akayapandikiza chini ya ngozi ya sungura, na sungura walipougua akahitimisha kwamba meno hayo ndiyo yaliyowaugulisha wagonjwa wenyewe pia. Meno mengi yaliyoweza kuokolewa yaling'olewa kwa sababu ya imani hiyo, na wagonjwa wa viungo wakabaki na viungo vyao vibovu na vinywa vitupu. Wengine waliporudia majaribio kwa uangalifu zaidi hawakupata alichopata, na kufikia miaka ya 1950 taaluma ilikuwa imeliacha wazo la kung'oa meno ili kutibu magonjwa ya mbali. Video unazozitaja hufukua maandishi hayohayo ya miaka ya 1920.

Kuna jambo moja la kweli ndani yake, nami sitalikwepa. Mzizi hausafishwi ukawa safi kama kioo. Una vijitawi ambavyo hakuna kifaa kinachovifikia, na bakteria wachache huweza kubaki. Matibabu hutegemea kuwapunguza mno, kisha kuwazibia njia ya chakula na ya kutokea, ili mwili uwamudu na mfupa ujijenge upya. Katika meno zaidi ya manane kwa kila kumi hali huwa hivyo, na uwezekano ni mdogo kidogo kwa jino ambalo tayari lina kivuli kama la Mwalimu kuliko kwa lile lililotibiwa mapema. Yanayoshindwa huweza kufunguliwa na kusafishwa upya, au ncha ya mzizi ikakatwa kwa upasuaji mdogo, au jino likang'olewa. Lakini ukitaka kuona jino linalomwaga bakteria mwilini kila siku, ni lile lenye usaha ambalo halijatibiwa wala kung'olewa. Kwa hiyo ushauri wa mama ni bora kuliko kukaa kimya; sipingani naye.

Mwalimu_Muheza

Ninawashukuru sana nyote, na Baharia, pole kwa kashata. Nina maswali mawili ya mwisho. Je, ninaweza kusubiri mpaka likizo ya Juni, yaani wiki saba, kwa kuwa jino haliniumi? Na karafuu, ambayo bibi alikuwa akitushindilia katika tundu, ina faida yoyote wakati wa kusubiri?

Tabibu_wa_Kinywa

Nianze na bibi, kwa kuwa alikuwa na akili. Karafuu ina mafuta ya eujenoli, na sisi wenyewe huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kutengenezea vizibo vya muda. Hutuliza kiini kilicho hai na chenye uchungu. Katika jino lako hakuna tena wa kutulizwa. Tafadhali pia usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa kuwa huunguza nyama ikawa nyeupe na kuacha kidonda juu ya tatizo.

Kuhusu wiki saba, maambukizi ya aina hii yanaweza kukaa kimya kwa miezi, kisha yakaamka kwa usiku mmoja bila kuuliza ratiba ya shule. Magego ya chini yana hatari yake ya pekee, kwa sababu usaha wake huweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Mwaka 1836 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe huo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na ambao huua kwa kuziba njia ya hewa. Ukiona uvimbe mgumu chini ya taya, ulimi ukiinuliwa, mdomo ukikataa kufunguka, mate yakishindikana kumezwa, au homa ikipanda, usitafute kliniki ya meno wala duka la dawa. Nenda hospitali yenye wodi usiku huohuo. Kama una kisukari, haraka ni mara mbili.

Kinachowezekana ni kugawa kazi. Hudhurio la kwanza, la kufungua jino na kusafisha mifereji, ndilo linalopunguza hatari, na madaktari wengi hukubali ulilipie peke yake. Lifanye sasa, kisha urudi kujaza baada ya wiki mbili hadi nne. Usivushe zaidi ya hapo, kwa kuwa kizibo cha muda huvuja, na mate yakiingia kazi huanza upya.

Mwalimu_Muheza

Ninarudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi moyoni. Nilikwenda Jumamosi. Nilimwuliza daktari lile swali la kwanza, akalipima jino kwa kifaa chake akasema ukuta wa upande wa shavu ni mfupi lakini unatosha, na akaniandikia bei ya kofia kwenye karatasi ileile ili nisije kushtuliwa baadaye. Kitambaa cha mpira alikuwa nacho. Mtu huhisi kama amefungwa mdomo kwa puto, lakini baada ya dakika kumi nilizoea, na harufu ya Jik niliitambua kabla hajaitaja.

Alipofungua ilitoka harufu mbaya ambayo hata mimi niliisikia, akaniambia hiyo ndiyo niliyokuwa nikiishi nayo kwa utulivu. Mifereji ilikuwa minne, mmoja wao aliutafuta kwa karibu nusu saa, na mrefu kuliko yote una milimita 21. Ameweka dawa ya kalisi na kizibo cha muda. Leo ni siku ya tatu, linauma kidogo nikiligusa, na jana usiku nililala kitandani. Nimepangiwa kurudi baada ya siku kumi na nne, na mama amesema atanisindikiza, kwa sababu anataka kumwonyesha daktari jino lake la sita.